Kula nje na watoto Arusha na Moshi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mi naishi Njiro, ukweni ni Moshi, nina watoto watatu, mkubwa ana miaka 9, wa kati 5 na huyu mdogo ana mwaka na miezi 8. Tunakula nje karibu kila mwezi na kila mara kuna mzazi mwenzangu ananiuliza yale yale, dada ile sehemu ina bembea? wana supu? we unaendaje pale na kichanga? Nimeona niyaandike yote sehemu moja. Ukiwa na haraka soma swali la 2 na la 3, hayo mawili yamenisaidia kuliko mengine yote.

## Ya kuanzia

1. Sehemu inayofaa watoto ndo ipi hasa, si mpaka iwe na bembea?

Hapana, na hapa ndo wengi tunakosea. Mi naangalia vitu vitatu: chakula kinafika kabla mtoto hajachoka, choo mtoto wa miaka mitatu anaweza kukitumia bila kubebwa juu juu, na wahudumu wanamuona mtoto ni mteja kama wewe. Bembea inakuja baada ya hapo.

Kuna kimgahawa kimoja Moshi kina meza sita tu, hamna bembea, hamna kiti cha mtoto, hata menyu ya karatasi hamna. Lakini tukiingia tu yule dada anauliza "huyu mdogo nimletee mtori kwanza?" na mtori unakuja umeshapozwa, namuona pale dirishani anaumimina toka bakuli moja kwenda jingine mara tatu mara nne, anaweka na kijiko kidogo cha chai pembeni. Mimi na baba yao tunakuja kuamua tunakula nini mtoto keshafika nusu bakuli. Halafu kuna bustani kubwa tulienda Arusha, ina kila mchezo unaoujua, tukakaa saa nzima na dakika ishirini kusubiri kuku, wa kati akalala usingizi juu ya meza shavu limegusa kachumbari, na kuku alipofika hakuna mtoto aliyekula. Tulilipa pesa nyingi siku ile na watoto walikunywa uji nyumbani saa tatu usiku.

2. Nikifika niangalie nini kabla sijakaa?

Choo. Kabla ya menyu, kabla ya kuchagua meza, mshike mtoto mkono muende chooni. Angalia kama kuna maji yanayotoka kweli kwenye bomba, sabuni, kama sakafu imelowa, kama mlango unafungika na pia kama unafunguka kirahisi ukiwa ndani. Angalia na njia ya kwenda. Sehemu nyingi choo kipo nyuma, unapita karibu na jiko au unashuka ngazi isiyo na taa. Binti yangu aliteleza kwenye ngazi kama hiyo akapasuka kidevu, na nilipowaambia waliniambia watu wengi huwa wanateleza hapo. Yani walikuwa wanajua! Tangu siku hiyo njia ya chooni naipita mimi kwanza.

Choo kikiwa kichafu mi naondoka, bado sijaagiza kwahiyo sidaiwi na mtu. Mwenye sehemu anayeacha choo cha wateja kiwe hivo, jikoni ambako mteja haoni kukoje?

Baada ya choo ndo naangalia meza. Nataka meza ya ukutani au ya pembeni, mbali na njia wahudumu wanayopita na supu za moto, mbali na jiko la nje (swali la 15) na mbali na spika.

3. Niende saa ngapi?

Mapema kuliko unavyofikiri. Mchana nenda saa sita kasoro au saa sita kamili, jioni saa kumi na moja. Jumapili ndo usichezee kabisa, misa na ibada zikiisha watu wote wa mjini wanatoka kwa pamoja na kuanzia saa saba mpaka saa tisa jiko linaelemewa, oda yako ya ndizi nyama inasimama nyuma ya meza ya watu kumi na tano waliotoka kwenye kipaimara.

Na mtoto asiende na njaa kali. Najua tunasema asile nyumbani ili akale vizuri huko, lakini mtoto wa miaka minne mwenye njaa hajui kusubiri, mpe ndizi mbivu moja au nusu chapati kabla ya kutoka, hicho kidogo hakimzuii kula.

Jioni kuna sababu nyingine, sehemu nyingi ni mgahawa mchana na baa usiku (swali la 17).

4. Sehemu gani Arusha na Moshi nianzie kutafuta?

Siwezi kukuambia nenda mgahawa fulani, wapishi wanahama na sehemu nzuri mwaka huu mwakani inabadilika. Maeneo ndo nitakuambia.

Arusha, Njiro kuna sehemu nyingi za bustani zenye paking ndani ya geti, hilo la geti usilidharau kama una mtoto anayependa kukimbia. Kwa Mrombo ni nyama choma, nyama nzuri kweli ila nenda mchana na piga simu kabla. Katikati ya mji karibu na Mnara wa Saa ni pazuri kwa chakula cha haraka, ila unatoka mlangoni uko barabarani moja kwa moja na bodaboda zinapita. Ukitaka nafasi ya watoto kukimbia toka nje ya mji kidogo, upande wa Tengeru na Usa River kuna bustani zenye miti mikubwa na hewa nzuri.

Moshi mji ni mdogo kwahiyo hata ukikosea sehemu ya kwanza ya pili iko dakika tano. Shanty Town ndo patulivu zaidi. Mjini kati kuna migahawa mizuri ya kiasili ya mchana, mtori, ndizi nyama, makande, chakula kimeshaiva kinasubiri kupakuliwa, na kwa mtoto hiyo ni faida kubwa.

Kitu kimoja wageni wanasahau: Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Juni na Julai bustanini jioni ni baridi ya kweli. Beba sweta na soksi. Moshi iko chini zaidi, joto linakuwepo na mbu pia, kwahiyo jioni mtoto avae suruali na mikono mirefu.

## Chakula

5. Mtoto mdogo nimuagizie nini kwenye menyu ya wakubwa?

Kwa huku kwetu kaskazini tuna bahati sana na hatuioni. Mtori ni chakula cha mtoto tayari, ndizi na nyama zimepondwa, laini, una mafuta ya kutosha. Muombe mhudumu usiwe na pilipili na chumvi kidogo, na nyama achambue vizuri maana vipande vya mfupa huwa vinabaki. Kuna machalari, ndizi za nyama zilizopikwa na mchuzi, unaponda kwa uma tu. Kiburu pia, ndizi na maharage, ila maharage ponda sana. Wali na mchuzi wa maharage uko kila mahali na bei yake haiumizi.

Mtoto chini ya miezi 6 anatakiwa maziwa ya mama tu, kwahiyo hata babu akitaka kumuonjesha supu mwambie kwa heshima, babu bado. Chini ya mwaka mmoja asipewe asali hata kidogo, hata ile ya kupakwa kwenye pankeki, kuna bakteria ambao mtu mzima hawamdhuru lakini kichanga wanaweza kumletea sumu inayolegeza misuli mpaka ya kupumua.

Uliza kama wanatoa nusu sahani. Wengi hawajaandika kwenye menyu lakini ukiuliza wanatoa. Wasipotoa agiza sahani moja ya mtu mzima na sahani tupu mbili, watoto wawili wanagawana.

6. Sisi familia yetu tunapenda nyama choma, tufanyeje na ule muda wa kusubiri?

Piga simu. Nyama choma ya mbuzi ikichomwa vizuri ni dakika 45 mpaka saa nzima, kuku wa kienyeji inaweza kuzidi hapo. Ukipiga simu saa moja kabla ukasema kilo moja na nusu, ndizi choma nne, ugali mbili, tunafika saa sita na nusu, unakuta nyama inakaribia kukatwa. Wengine watakuomba utume hela ya kianzio kwa simu, ni sawa, hata mi ningekuwa wao ningeomba.

Kama hukupiga simu, gawa oda mara mbili. Ya watoto iende kwanza, supu au chips mayai, vitu vya dakika kumi na tano, ya wakubwa ifuate. Mwambie mhudumu waziwazi "dada naomba cha watoto kije kwanza, usisubiri vyetu", maana usiposema jikoni watakusanya vyote vitoke pamoja, wao kwao ndo heshima ya kuhudumia meza.

Na ya watoto isitoke na damu ndani, iive kabisa. Halafu ikatwe vipande vidogo kuliko unavyoona inatosha (swali la 16).

7. Wangu anataka chips tu, kila mahali chips, nimkatalie?

Mi simkatalii, nakubaliana nae kabla hatujatoka nyumbani. Kwamba leo utakula chips lakini na yai au kuku na kachumbari vipande vitatu. Tukishakubaliana nyumbani mezani hamna vita. Na mtoto anayekula chips mara moja kwa mwezi akiwa na familia yake hana shida, shida ni yule anayekula kila siku akitoka shule.

Kingine, usimwambie mtoto mbele ya mhudumu "huyu hapendi chochote". Anasikia, na anakuwa hivo.

8. Soda je?

Chupa moja ya mililita 350 inaweza kuwa na sukari vijiko vya chai 8 mpaka 10. Kwa mtoto wa miaka mitatu hiyo ni nyingi mno na pia inamshibisha kabla chakula hakijafika. Kwetu soda moja inagawanywa glasi tatu, na inakuja baada ya chakula. Juisi ya matunda ni nzuri ila uliza imesagwa na maji gani (swali la 11) na waambie wasiweke sukari, parachichi na embe za huku hazihitaji. Vile vinywaji vya kuongeza nguvu vya kopo mtoto asipewe kabisa, hata akiwa na miaka 12.

9. Naruhusiwa kubeba chakula cha mtoto toka nyumbani?

Cha kichanga karibu kote hawana shida, uji kwenye chupa, ndizi ya kuponda. Cha mtoto wa miaka mitano uliza kwanza, ni ustaarabu. Ukihitaji maji ya moto ya kupasha omba kwenye bakuli, na wengi wanakupa bure.

10. Mtoto wangu ana aleji ya karanga, naongeaje na jikoni?

Usitumie neno aleji peke yake, wengi wanalisikia kama mtoto hapendi. Sema hivi: "mwanangu akila karanga anavimba koo anashindwa kupumua, naomba niongee na mpishi mwenyewe." Ukisema hivo watu wanaamka. Kwa huku karanga zinajificha kwenye mchicha, kwenye kisamvu, kwenye rosti nyingine, na kwenye mafuta yaliyokaangiwa vitu vingine kabla. Aleji ya mayai, uliza chips zinakaangwa kwenye karai gani, maana chips mayai na chips kavu mara nyingi vinapita sehemu moja.

Mpishi akikujibu "sidhani kama ipo" hilo sio jibu. Mpe mtoto tunda unalolimenya mwenyewe, muondoke mkale nyumbani.

## Maji na usafi

11. Mbona unasema kuhusu maji kila mara, si tunachemsha?

Kuchemsha kunaua vijidudu. Floraidi haiondoki. Hilo ni la kwetu Arusha hasa, maji yetu yanatoka kwenye miamba ya volkano ya Meru na sehemu nyingi yana floraidi nyingi kuliko kile kiwango cha Shirika la Afya Duniani, miligramu 1.5 kwa lita. Yale meno ya kahawia tunayoyaona kwa watu waliokulia Ngurdoto na maeneo mengine kuzunguka mlima ndo hayo, na meno ya kudumu yanatengenezwa ndani ya fizi toka utotoni mpaka kama miaka 8. Ukichemsha sana maji yanapungua kwa mvuke, floraidi inabaki pale pale, yani inazidi kukolea.

Mlo mmoja mgahawani hauharibu meno ya mtu. Lakini kama mnakula nje mara nyingi, mtoto anywe maji ya chupa yaliyofungwa, yafunguliwe mbele yako, na barafu kwenye juisi muikatae. Magadi nayo yana floraidi, hayo ya kulainishia makande, kwahiyo makande ya mgahawani kwa mtoto mdogo uliza kama wameweka magadi. Nimejifunza hilo ukubwani na nilishangaa sana maana bibi yetu aliyaweka kila siku.

12. Nitajuaje jikoni ni pasafi wakati siruhusiwi kuingia?

Choo umeshakiona (swali la 2). Sasa tazama mikono ya anayekata nyama, ndo huyo huyo anapokea hela? Kama anashika noti afu anarudi kwenye kachumbari, kachumbari isiende kwa mtoto. Tazama chakula cha bafe kama kinatoa mvuke. Wali na maharage vilivyokaa vuguvugu toka asubuhi ndo vinaumiza tumbo la mtoto kuliko hata nyama. Chakula kilichotoka kwenye moto sasa hivi, hata kibanda cha chips cha barabarani, mi nakiamini kuliko bafe la hoteli lililopoa.

Kunawa, beba sabuni yako ndogo. Lile beseni la kuzungusha maji ya vuguvugu mezani ni zuri kama maji yanamiminwa, kama watu wote wanachovya humo humo mpeleke mtoto bombani.

13. Loshoro, mtindi, maziwa fresh, kisusio, watoto wale?

Loshoro, ile ya mahindi na maziwa ya mgando, napenda mwenyewe na wangu wanapenda. Swali ni maziwa yalichemshwa kabla ya kugandishwa? Maziwa yasiyochemshwa yanaweza kuwa na brusela, ugonjwa wa homa zisizoisha na maumivu ya viungo, na kwa kanda yetu ya wafugaji upo kweli. Wasipojua kujibu, mtoto asile. Kisusio kina damu, mi watoto wangu wadogo siwapi, mkubwa alionja kwa babu yake pale pale jikoni nikiona inachemka mpaka mwisho.

## Usalama

14. Nikiwaacha wakacheze naweza kukaa nipumzike kidogo?

Kwenye bembea, ukiwa umechagua meza unapowaona, ndio. Lakini zikague kwanza wewe kwa mkono, tikisa nguzo, pitisha kiganja kwenye mtelezo uone kama bati limechanika, na saa saba mchana bati la mtelezo linachoma mapaja. Lile puto kubwa la kurukia, hakikisha wadogo hawachanganywi na wakubwa wa miaka kumi, wanaumizana bila kukusudia.

Bwawa la kuogelea ni hapana. Hapo hamna kupumzika. Sehemu nyingi za bustani zina bwawa na hazina mtu wa kuangalia waogeleaji, na mtoto akizama hapigi kelele, anazama kimya, hata kwenye maji ya kiunoni, dakika chache tu. Mtu mzima mmoja akae ukingoni, simu mfukoni, bia hamna, na mkipokezana mseme kwa mdomo "sasa ni wewe". Sisi watu wazima wanne tulikaa meza moja kila mtu akidhani mwingine anaangalia. Namshukuru Mungu siku hiyo ilikuwa mtoto amekaa tu ngazi ya kwanza ya bwawa, peke yake, miguu ndani ya maji. Bado naiona ile picha.

15. Majiko ya mkaa ya nje, na akiungua?

Meza iwe mbali, hatua kumi na zaidi. Hata mkaa uliomwagwa chini unaoonekana jivu jeupe bado unaunguza mguu wa mtoto mwenye kandambili.

Akiungua, maji ya bomba ya kawaida yanayotiririka, dakika 20 kamili, weka saa. Sio barafu, sio dawa ya meno, sio yai, sio mafuta, hata kama mtu mzima wa meza ya jirani anasisitiza kwa upendo. Vua nguo iliyo karibu ila kama imegandia kwenye ngozi iache. Funika na kitambaa safi, nendeni hospitali, Arusha Mount Meru, Moshi Mawenzi au KCMC. Ikiwa ni usoni, mikononi au sehemu za siri usisubiri kuona kama itapoa.

16. Akipaliwa mezani?

Kama anakohoa kwa sauti mwache akohoe, mtie moyo. Kama hatoi sauti, hawezi kupumua, anabadilika rangi, mwinamishe mbele umpige kati ya mabega kwa kisigino cha kiganja mara 5 kwa nguvu. Haijatoka, zaidi ya mwaka mmoja simama nyuma yake, ngumi juu ya kitovu, vuta ndani na juu mara 5, rudia kupokezana. Chini ya mwaka mmoja mlaze kifudifudi juu ya mkono wako kichwa kikiwa chini, piga mgongoni mara 5, mgeuze, bonyeza katikati ya kifua mara 5, tumboni usimbonyeze. Usiingize kidole mdomoni kutafuta usichokiona, unakisukuma ndani. Wakati huo mtu mwingine awe ameshatafuta gari.

Vinavyopalia watoto mezani kwetu: mishkaki isiyokatwa, karanga za kuonjeshwa, zabibu nzima, pipi, miiba ya samaki. Karanga nzima subiri mpaka miaka 5. Na mtoto ale amekaa, asile akikimbilia bembea.

17. Sehemu ni baa pia, ni vibaya kwenda na watoto?

Mchana sioni ubaya, huku kwetu nyama nzuri nyingi ziko baa na huo ndo ukweli. Ila muziki ukishapandishwa na meza za jirani zikiwa na chupa kumi tunaondoka, kwetu ni saa kumi na mbili jioni, hata kama nyama imebaki, inafungwa. Na mtoto hatumwi kaunta kuchukua kinywaji cha mtu.

## Hela

18. Nitajikingaje na bili ya kushtua?

Uliza kabla: bei ina VAT ndani? Kiwango cha kawaida ni asilimia 18, kwenye meza ya watu sita inaonekana. Uliza michezo inalipiwa na kwa saa au kwa siku, na bwawa pia. Nyama ya kilo ipimwe ukiona. Oda zako ziandike kwenye simu, na uombe risiti.

19. Besdei mgahawani, naweza kwenda na keki yangu?

Wengine wanakubali bure, wengine wanatoza, wengine hawataki kabisa. Maliza hilo kwa simu na meneja, chukua jina lake. Watoto wakizidi kumi agiza chakula cha aina moja kwa wote, pilau na kuku au chips kuku, kila mtoto akichagua chake mtakesha. Na wazazi wengine waambie saa ya kuwafuata watoto wao, iandike kabisa kwenye mwaliko.

## Hali za pekee

20. Kunyonyesha mgahawani, watu wanaangalia.

Nyonyesha. Khanga begani ukitaka, kwa raha yako mwenyewe. Meza ya pembeni inasaidia. Mhudumu akikuambia uende chooni mwambie na yeye chakula chake huwa hali chooni.

21. Mwanangu hawezi kelele, anaziba masikio analia, tusitoke kabisa?

Tokeni, ila chagua siku. Jumanne au Jumatano saa tano asubuhi mgahawa ni kama wenu. Mpite siku moja kabla bila kula, aone sehemu, aone choo, aguse kiti. Siku yenyewe kaeni meza ile ile. Mwambie mhudumu sentensi moja tu, "kaka, mwanangu anaumia na kelele, naomba mpunguze muziki kidogo", na mi nimeona wengi wanapunguza bila kuuliza swali la pili. Rafiki yangu ana mtoto wa hivi, walianza na soda ya kugawana na dakika kumi, sasa hivi wanamaliza mlo mzima, mtoto akiwa amevaa kofia yake ya sweta imefunika masikio.

Kama mtoto anatumia kiti cha magurudumu, piga simu uulize ngazi ni ngapi toka getini mpaka mezani na mpaka chooni. Ukiuliza "panafikika?" watasema ndio.

22. Sisi ni Waislamu, sehemu nyingi Arusha zina kitimoto.

Kusema "tuletee mbuzi tu" haitoshi, uliza kama wanachoma kwenye wavu mmoja na kukatia kwenye gogo moja. Wakisita, nendeni kwenye sehemu za Waislamu wenzenu, mjini Arusha na Moshi zipo nyingi za kuku wa mkaa na biriani, na kwa bahati nzuri hizo hazina pombe kwahiyo hata sisi Wakristo wenye watoto tunazipenda jioni.

23. Tukisafiri Arusha kwenda Moshi na watoto tusimame wapi?

Ni kama kilomita 80, saa moja na nusu mpaka mbili kwa foleni ya Usa na Tengeru. Wakila kabla ya kutoka si lazima kusimama. Mkisimama, Boma Ng'ombe kuna supu na nyama, chagueni sehemu yenye paking ndani, sio pembezoni mwa lami ambapo malori yanapita. Mtoto anayetapika kwenye gari mpe chakula kikavu, chapati, ndizi, maziwa na soda viache mpaka mfike.

24. Desemba Moshi inakuwaje?

Inajaa. Kuanzia tarehe 20 hivi Wachaga wote tumerudi nyumbani, migahawa haina meza na jiko linachelewa mara mbili. Hiyo wiki mi siendi mjini na watoto mchana, tunakula nyumbani mlimani, mjini tunaenda asubuhi saa nne kwa supu na chapati tunarudi. Pasaka na Idi ni vivyo hivyo kidogo.

25. Akilia, akamwaga, watu wakageuka?

Mmoja atoke nae nje dakika tano, mwingine abaki na wengine. Futa ulichoweza, mwambie dada aliyefagia asante kwa jina lake, na kama una chochote cha kumuachia mwachie. Nimefanya hivo sehemu moja Sakina baada ya bakuli zima la supu kwenda chini, tuliporudi mwezi uliofuata yule dada alikuja mezani na kibakuli cha plastiki chenye mfuniko, akasema hiki nimemuwekea mdogo.

26. Tumekula jana, leo anaharisha.

Mpe maji ya ORS, pakiti moja kwenye lita moja ya maji safi, kidogo kidogo kila anapoharisha, na vidonge vya zinki siku 10 mpaka 14, vipo kila duka la dawa. Aendelee kunyonya na kula. Usimpe dawa ya kufunga tumbo ya wakubwa. Choo kikiwa na damu, akitapika kila kitu, macho yakiingia ndani, akilegea au asipokojoa masaa sita, ni hospitali leo leo. Na ukishatulia piga simu mgahawani uwaambie mlikula nini na saa ngapi, bila matusi, maana kuna watoto wengine wanakaa kwenye meza ile ile leo mchana.